Bunduki Halali na Sahihi ya Afisa

Katika midahalo ya shule zetu husemwa mara kwa mara kwamba Uingereza ni nchi isiyo na bunduki, na kwamba hata polisi wake hutembea mikono mitupu. Hilo la polisi lina ukweli mwingi. La kwanza si kweli hata kidogo. Katika England na Wales pekee, takriban watu nusu milioni wana vyeti vya kumiliki silaha, na miongoni mwao wamo wakulima, wawindaji na wapenzi wa mchezo wa kulenga shabaha. Ningependa walimu wanaowatayarisha wanafunzi kwa midahalo hiyo wautazame upya mfano huu kabla ya kuutumia tena.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1968, nayo imerekebishwa mara nyingi. Kuna bunduki ya marisau, ile ambayo mkulima hufukuzia kunguru na njiwa shambani. Anayeitaka huomba cheti kwa mkuu wa polisi wa eneo lake, na ni juu ya polisi kuwa na sababu ya kumnyima. Kuna pia raifeli ya kuwindia kulungu au kulengea shabaha, na hapo mzigo humgeukia mwombaji: sharti atoe sababu njema kwa kila bunduki aitakayo, na cheti hutaja hata idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Vyeti vyote viwili hudumu miaka mitano. Silaha huhifadhiwa mahali salama, kwa kawaida ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na polisi huja kulikagua. Atakayesema anaitaka bunduki kwa kuwa anaogopa wezi hatapewa, kwani kujilinda si sababu inayokubaliwa huko.

Uwindaji nao una kalenda yake. Ndege aitwaye grouse hapigwi kabla ya Agosti 12 wala baada ya Desemba 10, na kwa sheria ya tangu 1831 ndege wa mawindo hawaguswi Jumapili wala siku ya Krismasi. Sisi tuliopiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977 huenda tukatabasamu.

Pamoja na uangalifu wote huo, mnamo Machi 13, 1996, mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Watoto hao walikuwa wa darasa la kwanza. Bastola alizobeba alizimiliki kihalali. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen ulidhihirisha kwamba mwaka 1991 afisa mmoja wa upelelezi alikuwa ameandika kupendekeza mtu huyo anyang'anywe cheti. Wakubwa wake hawakuchukua hatua yoyote.

Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja chini ya serikali ya Conservative na nyingine chini ya Labour, zilizopiga marufuku karibu bastola zote katika England, Wales na Scotland. Zaidi ya bastola 160,000 zilisalimishwa na wenyewe wakalipwa fidia. Wanamichezo wa bastola walilazimika kufanyia mazoezi ng'ambo, na Michezo ya Olimpiki ya London ya 2012 ilihitaji kibali maalumu ili mashindano yao yafanyike. Walilalamika kwamba wameadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja. Malalamiko yao nayaelewa, lakini siungani nao: mchezo waweza kuhamishiwa nchi nyingine, nao wazazi wa Dunblane hawakuwa na pa kuhamishia msiba wao.

Ninachosikitikia ni kwamba marufuku ile ilimaliza tatizo la bastola bila kumaliza la faili isiyoshughulikiwa. Agosti 12, 2021, mjini Plymouth, watu watano waliuawa kwa bunduki ya marisau. Muuaji alikuwa amenyang'anywa bunduki na cheti baada ya kuwapiga vijana wawili, kisha polisi wakamrudishia vyote Julai ya mwaka huo huo, majuma machache tu kabla ya mauaji. Tangu Novemba 2021 polisi hutakiwa kupata taarifa za daktari kabla ya kutoa cheti. Ni jambo jema, ijapokuwa lilichelewa.

Sheria yetu ya bunduki, Sura ya 114, ilirithiwa kutoka enzi za ukoloni, na kwetu kujilinda ni sababu inayokubalika. Kwa hiyo anayesimama jukwaani kuisifu au kuilaumu asituhesabie vifungu. Atueleze: nani humtembelea mwombaji nyumbani kwake? Nani humwuliza daktari wake? Na afisa wa cheo cha chini akiandika kwamba fulani hafai kuwa na bunduki, barua yake husomwa na nani, na hujibiwa baada ya muda gani?