Kibao cha Namba ya Gari la Kale: Kansas Yatofautisha Fundi na Mwizi

Mwaka 2017, mkazi wa jimbo la Kansas nchini Marekani alipeleka gari lake la michezo, Chevrolet Corvette la mwaka 1959, likakaguliwe kabla ya kusajiliwa. Alikuwa amelinunua kwa muuzaji wa magari wa jimbo la Indiana kwa takriban dola 50,000, likiwa limekwisha kukarabatiwa. Wakaguzi walibaini kuwa kibao chenye namba ya utambulisho kiliwahi kung'olewa na kurudishwa. Polisi wa jimbo walilikamata gari hilo.

Kwa mujibu wa sheria ya jimbo iliyokuwepo wakati huo, gari ambalo kibao chake kimeondolewa lilihesabiwa kuwa mali haramu ya kuteketezwa. Serikali yenyewe ilikiri kuwa mnunuzi hakuwa na hatia, lakini sheria haikuuliza nia ya mtu; iliuliza tu iwapo kibao kiliguswa.

Chimbuko la ukali huo linaeleweka. Wezi wa magari hung'oa kibao cha gari lililokufa na kukipachika kwenye la wizi, likapata jina jipya na nyaraka safi. Kwa sababu hiyo sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 ililifanya kosa la kuharibu namba hizo kuwa na adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 5. Hata hivyo, sheria hiyohiyo ilimwondolea lawama fundi ambaye matengenezo yanamlazimu kugusa namba, pamoja na mtu anayeirejesha au kuibadilisha kwa kufuata sheria ya jimbo lake. Kansas haikuwa na mwanya wa namna hiyo kwa magari ya kale.

Ukarabati wa Corvette la zama hizo unaonesha kwa nini mwanya huo unahitajika. Bodi yake ni ya faibaglasi iliyokaa juu ya chesi ya chuma, na kibao cha namba kimefungwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fundi anayekwangua rangi ya zamani hadi mwisho hana budi kukitoa, la sivyo atakipaka rangi au kukikwaruza. Namba pia imegongwa kwenye chesi, hivyo mkaguzi ana mahali pa pili pa kulinganisha. Namba zenyewe hazikufuata mfumo mmoja: Corvette za mwaka 1959 zilianzia J59S100001, ilhali utaratibu wa tarakimu na herufi 17 ulianza kwa magari ya Marekani ya mwaka 1981. Wanunuzi wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa njia nyingine, kwani magari mengi yanayotoka Japani hutambulika kwa namba ya chesi iliyo fupi kuliko hiyo.

Mwaka 2022 Bunge la Kansas lilirekebisha sheria, na Gavana Laura Kelly akatia saini. Sasa kibao cha gari la kale kinaweza kutolewa na kurudishwa pale ukarabati unapolazimu, isipokuwa mhusika anajua au ana sababu ya kujua kuwa gari ni la wizi. Corvette lile hatimaye lilirudi kwa mwenyewe.

Marekebisho hayo yanahusu kibao kilekile cha kiwandani. Anayefunga nakala mpya iliyochongwa mitaani, hata kama namba yake ni sahihi, bado yuko mahali pabaya. Kibao kilichopotea au kuoza hubadilishwa kwa idhini ya mamlaka ya usajili, baada ya ukaguzi wa chesi. Kwa mnunuzi, picha za kibao kabla hakijatolewa na hati ya ukaguzi huo ni vitu vya kudai kabla ya kulipa.