Azam Hawakosi Mchezaji Mmoja

Julai 2025 Azam FC walifanya mambo mawili makubwa. Walimleta Florent Ibenge, kocha aliyeipa RS Berkane Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2022 na kuifikisha AS Vita fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2014. Na walimrudisha Aishi Manula, kipa waliyemwacha aende Simba miaka minane kabla. Wino haujakauka, maneno yale yale yakaanza upya, redioni asubuhi na vijiweni jioni, kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Mwenge: sasa bado straika mmoja tu, ubingwa unakuja kwao Chamazi.

Maneno haya yanarudi kila dirisha la usajili, na kila mwaka yanapokewa kana kwamba ni mapya. Mimi sikubaliani nayo hata kidogo. Azam hawakosi mchezaji mmoja. Hawajawahi kukosa mchezaji mmoja. Wanachokosa ni uwezo wa kukaa na wachezaji wao wazuri mpaka timu ikomae, na kila tunaposema "bado mmoja tu" tunawasaidia mabosi wa klabu kutolijibu swali hilo.

Wenye hoja ya straika nao wana mifano yao. Wanamtaja Meddie Kagere, aliyetua Simba mwaka 2018 akitokea Gor Mahia na kufunga mabao 23 msimu wake wa kwanza. Ni kweli alifunga. Lakini Simba aliyoikuta ilikuwa tayari bingwa wa msimu wa 2017/18. Kagere aliongeza nguvu kwenye timu iliyokwisha simama. Wengine wanasema fedha za mmiliki, Bakhresa, zipo, basi wanunue tu. Wamekuwa wakinunua. Wengine wanalaumu kutimuliwa kwa makocha, na kweli orodha ni ndefu: Omog alionyeshwa mlango mapema 2015, hata mwaka haujapita tangu awape ubingwa, na baada yake wamepita Hall, Hernandez, Cioaba, Pluijm, Ndayiragije, Lwandamina, Moallin, Lavagne, Dabo, Taoussi. Haipendezi. Ila Yanga msimu wa 2024/25 walianza na Gamondi, wakaenda na Ramovic, wakamaliza na Miloud Hamdi, na bado wakatwaa ubingwa kwa pointi 82. Kwa hiyo kocha peke yake si jibu.

Turudi kwenye straika, maana hapo ndipo kumbukumbu zetu zinapotudanganya.

Msimu wa 2011/12 mfungaji bora wa Ligi Kuu alikuwa John Bocco wa Azam, mabao 19. Azam wakamaliza wa pili. Msimu uliofuata mfungaji bora akawa Kipre Tchetche, naye wa Azam, mabao 17. Azam wakamaliza wa pili tena. Misimu miwili mfululizo walikuwa na mchezaji yule yule ambaye leo tunaambiwa ndiye anayekosekana: mtu anayefunga kuliko wote nchini.

Ukaja msimu wa 2013/14. Safari hii mfungaji bora alikuwa Amissi Tambwe, Mrundi wa Simba, mabao 19. Simba yake ilimaliza ya nne. Bingwa akawa Azam, pointi 62 katika mechi 26, bila kupoteza hata moja. Ubingwa ulikamilika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, Aprili 2014, na ilikuwa mara ya kwanza kombe kutoka nje ya Simba na Yanga tangu Mtibwa Sugar walichukue mwaka 2000. Timu iliyokuwa na mfungaji bora mara mbili ilikosa kombe mara mbili. Mwaka ambao mfungaji bora alikuwa wa watu wengine, ndio mwaka iliochukua.

Mtu anaweza kusema ni bahati. Basi tuangalie nani walikuwa uwanjani. Bocco alipanda daraja na klabu hiyo mwaka 2008, kwa hiyo alikuwa nao tangu siku ya kwanza Ligi Kuu. Erasto Nyoni alikuwa pale kwa miaka. Salum Abubakar, Sure Boy, alikuwa pale pale katikati, na Himid Mao, na Aggrey Morris nyuma. Hawakukutana Agosti wakabeba kombe Aprili. Walishindwa pamoja msimu wa kwanza, wakashindwa pamoja msimu wa pili, na msimu wa tatu kila mmoja alishajua mwenzake anapenda mpira uje mguu gani. Hicho ndicho kilichowafanya wasifungwe mechi 26.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 2017, katika dirisha moja, Manula, Bocco, Nyoni na Shomari Kapombe waliondoka Chamazi wakaenda Simba. Kipa, beki wa kulia, mchezaji anayecheza kati na nyuma, na mshambuliaji. Ukisimama nyuma ya goli la Azam ukaitazama timu kwa urefu, ni uti wa mgongo mzima uliohamia Msimbazi. Simba walikuwa hawajachukua ligi tangu 2012. Msimu huo huo wakaichukua, wakaendelea kuichukua mara nne mfululizo hadi 2021, na nahodha aliyekuwa akilinyanyua kombe alikuwa Bocco. Msimu wa 2020/21 akawa mfungaji bora kwa mabao 16, miaka minne baada ya kuonekana Chamazi kwamba hana nafasi tena. Pascal Wawa, beki mwingine aliyepitia Azam, akajiunga nao Simba 2018, na timu hiyo ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19. Azam hadi Julai 2025 walikuwa hawajafika hatua ya makundi ya mashindano yoyote ya Afrika.

Na mkondo haukukatika. Sure Boy alikwenda Yanga mwishoni mwa 2021. Mudathir Yahya akavaa jezi ya Yanga Januari 2023. Gadiel Michael alikwishapita njia hiyo tangu 2017. Prince Dube, aliyefunga mabao 14 msimu wake wa kwanza Azam, aliondoka kwa mgogoro wa mkataba mwaka 2024 akaenda Yanga, akafunga 13 na kuvaa medali ya ubingwa mwaka uliofuata. Hesabu mwenyewe: kipa, mabeki wa kulia na kushoto, mabeki wa kati, viungo wawili, washambuliaji wawili. Hao ni takriban kikosi kizima cha kuanzia. Klabu iliyoachia watu hao wote ndiyo tunayoambiwa imepungukiwa mtu mmoja.

Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Wakati inatoa watu hawa, Azam ilikuwa ikinunua "yule mmoja" kutoka kwa majirani. Mwaka 2014 alikuwa Didier Kavumbagu, akitokea Yanga. Mwaka 2018 alikuwa Donald Ngoma, akitokea Yanga. Mwaka huo huo akaja Obrey Chirwa, naye aliwahi kung'ara Yanga. Chirwa angalau alifunga bao lililowapa Kombe la Shirikisho la nchini dhidi ya Lipuli mwaka 2019, na heshima hiyo ni yake. Ligi haikuja. Mwaka 2024 wakavuka bahari, wakaleta Wakolombia, akiwemo mshambuliaji Jhonier Blanco. Agosti alifunga penalti APR ya Rwanda wakafa 1-0 Chamazi. Siku sita baadaye Kigali APR wakashinda 2-0 na safari ya Ligi ya Mabingwa ikaishia raundi ya awali.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ni Feisal Salum, Fei Toto. Juni 2023, baada ya vuta nikuvute ndefu na Yanga iliyofika hadi shirikisho la soka nchini, TFF, Azam walimpata. Sijui kama kuna mtu aliyebisha wakati ule kwamba huyu ndiye. Kiungo bora mzawa, umri mzuri, ana hasira ya kuthibitisha. Naye hakuwaangusha. Alifunga mabao 19, mawili tu nyuma ya Aziz Ki wa Yanga, akiwa kiungo. Alifanya kila ambacho mchezaji mmoja anaweza kufanya.

Azam walimaliza na pointi 69. Yanga, waliompoteza Fei, wakampoteza Fiston Mayele aliyekwenda Pyramids, wakampoteza na kocha Nasreddine Nabi, yote katika kiangazi kimoja, walimaliza na 80 na kombe mkononi.

Naomba tukae hapo kidogo. Yanga waliondokewa na mfungaji wao mkuu, kiungo wao mkuu na kocha wao, wakatwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi 11 dhidi ya timu iliyomchukua mmoja wa hao watatu. Kwa nini? Kwa sababu Diarra alibaki golini. Job, Mwamnyeto na Bacca walibaki nyuma. Aucho alibaki katikati. Uti wa mgongo haukuguswa, kwa hiyo Aziz Ki alipata pa kusimama. Fei alikuta nini Chamazi? Alikuta wenzake wazuri ambao wengi wao walikuwa bado wanajuana.

Na pointi hizo 11 hazikupotelea kwa Yanga. Msimu ule Yanga walishinda 3-2 Oktoba, Azam wakashinda 2-1 Machi, Fei mwenyewe akifunga. Ngoma droo. Msimu uliofuata ikawa hivyo hivyo: Azam walishinda 1-0 Novemba kwa bao la Gibril Sillah, Yanga wakalipa 2-1 kwenye mzunguko wa pili. Hata hivyo tofauti mwishoni ilikuwa pointi 19, 82 kwa 63, na Azam wakarudi nafasi ya tatu. Uso kwa uso Azam hawana cha kuogopa. Pointi zinapotea kwenye mechi zile nyingine ishirini na nane, mchana wa jua kali kwenye uwanja wa mkoani, au dhidi ya timu inayopigania kubaki daraja na isiyo na aibu kujaza watu kumi nyuma ya mpira. Mechi hizo hazishindwi kwa jina kubwa lililotua uwanja wa ndege mwezi Julai. Zinashindwa na beki na kipa waliocheza pamoja mechi themanini, wanaojua kulinda bao moja dakika ya 85 bila kupigiana kelele.

Nadhani fikra hii ya mtu mmoja tumeiazima kwenye mpira wa kikapu, ambako uwanjani wako watano na nyota anaweza kushika mpira kila shambulizi. Lakini hata huko haisimami vizuri. Michael Jordan alifika Chicago Bulls mwaka 1984, na kombe la kwanza alilipata 1991. Katikati ya miaka hiyo walikuja Scottie Pippen na Horace Grant mwaka 1987, Phil Jackson akakabidhiwa timu 1989, na Detroit wakawatoa misimu mitatu mfululizo kabla hawajaweza kuwavuka. Kama mchezo wa watu watano ulimgharimu Jordan miaka saba, kwa nini mchezo wa watu kumi na mmoja umdai Fei ubingwa ndani ya mmoja?

Ndiyo maana kurudi kwa Manula kunaniuma badala ya kunifurahisha. Ni kipa mzuri na ni kwao, namkaribisha kwa mikono miwili. Lakini amerudi na mataji manne ya ligi ambayo yote ameyachukulia kwa wapinzani, na mapokezi yake yanaimbwa kama ujanja wa usajili. Miaka minane ya ubora wake ilikwenda bure kwa klabu iliyomlea. Mabosi wa Chamazi wanapaswa kutueleza kwa nini aliondoka, kabla hawajatueleza kwa nini amerudi. Uwanja wanao, wao wenyewe, jambo ambalo Simba na Yanga wameliota kwa miongo. Wana shule ya vijana mlango wa pili. Mishahara inalipwa. Klabu yenye vitu hivyo vyote haina kisingizio cha kuwa kituo cha mafunzo cha Msimbazi na Jangwani.

Jina la Fei Toto lilikuwa likitajwa kila siku dirisha hilo la 2025: Simba, Yanga, Kaizer Chiefs. Kumbakisha ndiko kulikuwa usajili wa kweli wa Azam, na ndiko hakukuzungumzwa vijiweni. Straika atakayekuja ni habari ya wiki moja. Kinachostahili kuulizwa ni nani anamalizia mkataba mwakani, nani ameshakaa naye mezani, na beki yupi chipukizi wa Chamazi amehakikishiwa kwamba mwaka 2028 bado atakuwa pale. Ibenge aachwe na kikosi hiki, chenye mapungufu yake, kwa misimu mitatu bila kutolewa mtu wa katikati ya uwanja. Akimaliza wa tatu msimu wa kwanza, wabaki wote. Baada ya hapo, mtu akiniambia Azam wanahitaji namba tisa, nitakaa chini tujadiliane majina.