Chakula Asichopewa Mgeni

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Dar es Salaam nilimdanganya mwenzangu wa chumba. Aliona mfuko wa unga wa kijani kwenye begi langu akauliza ni nini. Nikamjibu, "Dawa ya tumbo, bibi kanipa." Ulikuwa mlenda. Bibi aliuchuma mwenyewe, akauanika, akautwanga na kuufunga mara mbili ili usimwagike kwenye basi, kutoka Ikungi, kupitia Manyoni, Dodoma na Morogoro. Niliukalia muhula mzima bila kuupika. Kuku wa kukaanga wa mama, aliyefungwa pembeni yake, nilikuwa nimemfungua hadharani tangu Manyoni na kumgawia jirani wa kiti.

Nimeufikiria uongo ule kwa miaka kadhaa, na sikubaliani tena na wanaosema mjini ndiko tunakofundishwa kuona aibu. Mimi nilifundishwa nyumbani, mezani, na watu wanaonipenda.

Nyumbani kwetu siku za kawaida zilikuwa za ugali wa mtama au uwele na mlenda wenye karanga. Mgeni akipiga hodi, jiko lilibadilika. Mtoto mmoja alitumwa dukani kununua mchele au kilo ya sembe, mwingine alikimbiza jogoo, na chungu cha mlenda kilisogezwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyetuambia kwamba mlenda ni wa aibu. Hakukuwa na haja. Mtoto anayeona chungu kikifichwa mara ishirini kwa mwaka ameshaelewa somo.

Serikali nayo imesaidia kuliandika somo hilo. Singida ni kame, na mvua yetu ni ya msimu mmoja. Kila inapotishia kukatika, viongozi husimama na kuhimiza tulime mtama na uwele kwa sababu vinastahimili ukame. Ushauri ni sahihi, lakini umekuwa ukitolewa kwa lugha ya dharura, kiasi kwamba nafaka hizi zimebandikwa jina la "chakula cha njaa". Ajabu ni kwamba chakula cha njaa hasa, kwa kumbukumbu ya bibi, yalikuwa mahindi: unga wa njano wa msaada ambao watu waliubatiza "unga wa Yanga". Mahindi yenyewe yalivuka bahari kutoka Amerika. Mtama ulianza kulimwa hapa hapa Afrika, upande wa Sudan, maelfu ya miaka iliyopita. Leo mgeni ndiye anayeitwa mwenyeji, na mwenyeji anaitwa pale tu mgeni anapokauka shambani.

Najua majibu. Mama yangu huyatoa vizuri kuliko mtu yeyote. "Wewe uliamia ndege siku ngapi?" huniuliza. Yeye aliamia. Alikaa shambani tangu alfajiri akipiga debe na kurusha mawe huku wenzake wakiwa darasani, maana kweleakwelea wakitua kwenye mtama hawabakizi kitu. Kisha kuna kupura, kupepeta na kutwanga, kazi ambayo sijawahi kuona mwanamume wa ukoo wetu akiigombania. Kwa mama, sembe ya dukani ni mapumziko ya mgongo, na sina haki ya kumsimanga kwa hilo. Anayeimba sifa za chakula cha asili huku akimwachia mwanamke mchi, huyo anapenda utumwa wa mama yake.

Lakini mashine za kusaga siku hizi zipo, na zinasaga mtama kama zinavyosaga mahindi. Kazi ikipungua, kinachobaki ni hadhi. Na hadhi tunaigharamia: sembe imekobolewa, imeachia kinuni sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na vitamini zake, wakati uwele mzima una madini chuma mengi. Unga huo huo tunaoukimbia unauzwa mijini kwenye pakiti zinazong'aa zilizoandikwa "lishe". Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele, ulezi na mtama. Sikumbuki sherehe moja ya ukoo wetu mwaka huo ambako ziliwekwa mezani.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Chakula asichopewa mgeni hakiwezi kuwa na heshima, hata kiandikiwe ripoti mia. Watoto hawasomi ripoti. Wanaangalia kinachopakuliwa kwenye harusi, kipaimara na mahafali, na kinachobaki jikoni. Sisi tuliosoma tunaandika kwamba vyakula vya asili vinapotea kana kwamba vinatoroka usiku, wakati sisi ndio tunaovifungia mlango.

Mwezi Juni, baada ya mavuno, marafiki zangu watatu wa chuo watakuja Ikungi. Mmoja wao ni yule wa "dawa ya tumbo". Nimempigia mama simu nikamwomba asinunue mchele: apike ugali wa uwele na mlenda, na kuku akiwepo akae pembeni. Alicheka, kisha akanyamaza.

"Watasema hatuna kitu, mwanangu."

Bado hajakubali. Nami nimeshamwambia yule rafiki ukweli kuhusu ule mfuko.