Nani Aliyeingia kwa Jinai?

Apitaye Tengeru, akiacha soko na kufuata njia za kati ya mibuni na migomba, hukuta seng'enge na vibao vya onyo: hapana ruhusa kupita. Maneno ni machache, lakini yana historia ndefu, nasi wasomi haitupasi kuyasoma kwa jicho moja.

Sheria yenyewe si mbaya. Kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu chamwahidi kifungo cha miezi mitatu aingiaye bila haki katika mali iliyo mikononi mwa mwingine, kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi aliye nayo. Ikiwa ni nyumba ya kukaa watu, ya ibada, au ghala, kifungo ni mwaka mmoja. Mjane alalaye peke yake astahili kinga hiyo, hatuikatai.

Tulipingalo ni kuifanya sheria hiyo fimbo ya kumalizia ugomvi wa ardhi. Kifungu hakiulizi shamba ni la nani. Huuliza limo mikononi mwa nani. Basi aliyetangulia kuzungusha seng'enge huwa mlalamikaji, na aliyenyang'anywa huwa mshitakiwa. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Tangu siku ile, mzee aliyerudi kutazama kaburi la baba yake angeweza kuitwa mwingiliaji. Kirilo Japhet hakukubali: mwaka 1952 alifika New York, akayaweka malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa.

Tutaambiwa, hayo ni ya mkoloni. Naam, lakini Kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1945 ndiyo tuliyo nayo hata leo, ingawa imerekebishwa. Mahakama Kuu yetu imekwisha kusema, wala si mara moja, kwamba shitaka la kuingia kwa jinai halisimami maadamu umiliki wa ardhi ungali unabishaniwa. Kwanza uamuliwe katika shauri la madai. Kulazimika kulirudia neno hilo ni ushahidi kwamba mashitaka ya namna hiyo hayajakoma.

Dai letu ni moja: kabla mkulima hajatiwa mahabusu, polisi na waendesha mashitaka waulize kama pana ubishi wa umiliki, ukiwapo, wawapeleke wote wawili kwenye shauri la ardhi. Pasipo hivyo, sheria yetu itakuwa ni mwenye nguvu mpishe, na Wameru walikwisha kupisha mara moja.