Bure inayoishia mlangoni pa farmasi

Leo tuongee pesa ya matibabu, maana hapa Kanyosha ndiyo inatumaliza.

Juzi sisi tunaojitolea kambini na mtaani tulimsindikiza mama jirani na mtoto wake wa miaka 7, kifua kimembana. Kituoni walimpokea vizuri, hatuna ubaya wa kusema. Muganga akaandika karatasi: "Mama, dawa zimeisha, mukanunue inje." Farmasi ya kwanza bei kali, ya pili vilevile. Mama akauza kitenge chake kizuri, ndiyo dawa ikapatikana.

Watu wanafikiri matumizi ya binafsi kwa afya ni kliniki za matajiri. Hapana jameni. Ni kile kitenge.

Burundi ilifanya jambo kubwa Mei 2006: watoto chini ya miaka 5 kutibiwa bure na mama kuzaa bure kwenye vituo vya serikali. Mwaka uleule Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya wagonjwa waliozuiliwa hospitalini hapa nchini kwa kukosa pesa ya kulipa. Basi tunaona: pale serikali haibebi, deni linafunga mtu. Lakini mtoto wa miaka 7 yuko nje ya ile bure, na bure yenyewe bila dawa kabatini ni maneno tu.

Mwaka 2001 kule Abuja, nchi za Afrika ziliahidi afya ipate angalau 15% ya bajeti. Nyingi hazijafika. Wafadhili wanaziba shimo, na wakipunguza, shimo linarudi mfukoni mwa mama.

Wengine wanasema wakimbizi tujengewe kliniki yetu. Sisi hatukubali. Jirani Murundi anapanga foleni ileile, anakosa dawa ileile. Pesa iende kwenye kituo kilekile, kabati lijae, wote tupone.

Wakubwa wa mashirika, mkihesabu waliotibiwa, ulizeni pia: dawa alinunua wapi, na kwa pesa gani? Na sisi vijana tuanze: kila dawa iliyokosekana tuiandike kwenye daftari, tarehe na bei, bila jina la mgonjwa, tuwapelekee kila mwezi. Cheo hatuna, ila kalamu tunayo.