Ulinganifu wa Maumbo: Jicho la Mtoto au Istilahi ya Mtafiti?

Husikika hoja kwamba mtoto mdogo haoni ulinganifu wa maumbo hadi afundishwe. Hoja hii haina mashiko. Mwaka 1981 Marc Bornstein na wenzake walionyesha kuwa watoto wachanga wa miezi 4 huyazoea upesi zaidi maumbo ambayo kulia na kushoto kwake huakisiana kama katika kioo, kuliko yale ambayo juu na chini ndiko kunakoakisiana. Iwapo jicho linaona mapema kiasi hicho, kwa nini mwanafunzi wa darasa la nne akosee?

Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya kosa hilo imo katika neno. "Ulinganifu" hutokana na kitenzi "lingana", ambacho kwa msemaji wa kawaida ni kuwa sawa, kufanana au kupatana. Tuchukue msambamba, usio mstatili wala usio na pande zote sawa. Mwulize mtoto kama una ulinganifu. Atakubali, kwani pande zinazoelekeana zinalingana, na ulalo unaugawa katika nusu mbili zilizo sawa kabisa. Mtahini atamkosoa, kwa kuwa umbo hilo halina mhimili wa kuakisi: ukilikunja kwenye ulalo, nusu moja haiifuniki nyingine. Lakini ukilizungusha nusu mzunguko, linarudi vilevile. Basi mtoto amejibu sawasawa swali ambalo hakuulizwa. Mtu mzima naye, hata msomi, hunaswa na mtego huohuo.

Hali huwa nzito zaidi mahali kama Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, ambako mtoto aweza kuwa amelelewa kwa Kisukuma kabla ya kukutana na Kiswahili cha darasani. Mtoto anayeunda gari la waya huujua ulinganifu kwa mikono: gurudumu likikaa vibaya upande mmja, gari huenda mrama. Maarifa hayo hayaonekani katika karatasi ya mtihani. Robert Serpell, katika utafiti wake wa 1979, aliona kuwa watoto wa Uingereza waliwapita wa Zambia katika kunakili maumbo kwa penseli, ilhali wale wa Zambia waliwapita wenzao kwa waya. Kwa udongo hawakutofautiana.

Kwa hiyo atakayetaka kulinganisha watoto na wazazi wao huko Mwamkulu asianze na neno "ulinganifu". Awape karatasi, waya na udongo, kisha aulize: "Ukilikunja hapa, upande huu utaufunika ule wote?" Istilahi mbili zilizo wazi, "ulinganifu wa kioo" na "ulinganifu wa mzunguko", zibaki katika ripoti yake. Na mtu mzima aulizwe swali lilelile, kwa umbo lilelile, kabla tofauti yoyote haijahesabiwa kuwa ni ya umri.