Maji si mambo ya wanawake?

Kikao cha mtaa, Mbagala, jua la saa kumi. Dada wa harakati kazungumzia ndoa za utotoni, kazungumza vizuri, makofi yakapigwa. Akanyoosha mkono jirani yangu, muuza vitumbua, vidole vingali na unga wa mchele. Bomba limekauka wiki ya pili, akasema, na binti yake anabeba madumu kabla ya kwenda shule. Mwenyekiti akamkata: "Mama, leo tuna mambo ya wanawake. Maji yana siku yake." Jirani yangu akakaa.

Kauli hiyo nimeisikia Temeke, nikaisikia Kinondoni, na si kwa wanaume peke yao. Wapo wanaharakati wanaoamini kwamba mshika mengi hushika patupu, kwa hiyo tubaki na ndoa, mirathi, ukatili na viti vya bungeni. Wenzao wa Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP) pale Mabibo, kinyume chao, wameng'ang'ania bajeti ya serikali miaka nenda rudi. Wakibishana, sisi vibarazani tunacheka: si unaona, wanawake hawapendani!

Wabishane tu. Ninachokataa ni huo mpaka wa "mambo ya wanawake", kwa sababu hata wanawake wanapoulinda, ukitazama aliyeuchora, si mwanamke.

Tazama BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania lililoanzishwa 1994, mwenyekiti wake Anna Tibaijuka. Lilipogusa ardhi na mirathi, likawaelimisha wanawake kuhusu kura yao ya 1995, likaambiwa linafanya siasa kama chama. Mwaka 1996 likasimamishwa, 1997 likafutiwa usajili. Na 1995 hiyohiyo Gertrude Mongella, Mtanzania mwenzetu, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa dunia kule Beijing. Wa Beijing tukampigia vigelegele, wa nyumbani tukawafuta.

Bibi Titi Mohamed je? Mwaka 1955, alipowaingiza katika chama cha TANU wanawake wa Dar es Salaam kupitia vikundi vya ngoma, wanawake hao, wapika pombe wakiwamo, hawakuambiwa wangoje kwanza sheria ya ndoa. Walidai nchi.

Najua jibu la wenye hofu: tuchukue jambo moja lililo wazi, tushinde, kisha tuendelee. Haya, lipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, akashinda Mahakama Kuu 2016, na serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Hata hivyo, sheria ikabaki vilevile. Jambo moja, finyu, limeshinda mara mbili, na bado!

Halafu muulize mama wa Mbagala ni binti yupi anayeozwa mapema. Atakwambia ni yule anayefika shule kachelewa, kachoka kwa madumu, mpaka anaacha kwenda, na mama yake kabanwa na mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, kiasi kwamba posa inapokuja inaonekana nafuu. Sasa hapo maji yanaishia wapi na ndoa inaanzia wapi?

Mwenyekiti wangu, kwa heshima yako: kikao kijacho anza na yule muuza vitumbua. Bomba bado halijatoa maji.